Kununua shamba kando ya Mto Songwe

Ndugu, umeuliza kama ni salama kununua shamba la mpunga Kyela, karibu na Mto Songwe, ilhali mpaka wetu na Malawi una mgogoro. Nakujibu kwa niliyoyaona, kwa kuwa nimezaliwa katika kijiji kilicho ukingoni mwa mto huo, chini ya daraja la Kasumulu.

Mgogoro unaousikia redioni ni wa ziwa. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani ulipitisha mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa hadi mdomo wa Songwe; Malawi inaushikilia, nasi tunadai mpaka upite katikati ya maji. Suala hilo, ambalo lilichacha mwaka 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, halitakugusa shambani.

Kitakachokugusa ni mto wenyewe, maana huku nchi kavu ndio mpaka wetu na Malawi. Songwe hupita kwenye tambarare yenye udongo laini, na masika ukifurika huweza kuacha mkondo wake na kuchimba mwingine. Nilipokuwa darasa la tano, tuliamka asubuhi tukakuta majaruba matatu ya baba, pamoja na mwembe wetu, yako ng'ambo, na mpunga umeshaanza kutoa masuke. Baba alipovuka kwa mtumbwi kwenda kuvuna, aliwakuta wenyeji wa ng'ambo wameketi chini ya ule mwembe. Hawakumfukuza, maana Wangonde na sisi Wanyakyusa tunasikilizana lugha na tumeoana miaka mingi, ila mmoja alimwuliza kwa upole, "Mzee, mwakani atalima nani hapa?" Kijijini aliambiwa kwamba shamba sasa liko Malawi, ng'ambo aliambiwa kwamba yeye ni Mtanzania. Hakulilima tena, na hadi leo linaniuma.

Serikali zote mbili zina mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, ambao sehemu yake ni kuimarisha kingo ili mto usihamehame, na mimi naona kazi hiyo ingetufaa kuliko vikao vyote vya ziwa. Kabla haijakamilika, usinunue kwa kutazama hati peke yake. Waombe wazee wakutembeze wakati wa kiangazi, wakuonyeshe mikondo ya zamani, ile mibonde mirefu iliyoota matete, kisha uchague shamba lililo mbali nayo.