Mkaa hauondoi aseniki: yaliyotukuta kisimani Nzega

Mkuu, umesema maabara imekuta aseniki, sumu itokayo kwenye mawe, imezidi kwenye kisima chako kirefu, ukauliza kama chujio la mkaa litatosha. Halitatosha. Nasema hivyo kwa uchungu maana sisi tulianzia hukohuko.

Kijiji chetu kiko Nzega, kwenye miamba ya dhahabu, na dhahabu mara nyingi hukaa pamoja na mawe yenye aseniki. Maji yalikuwa maangavu, matamu, kila mtu anayasifia. Tulipoambiwa yamevuka mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, tukachanga na muuzaji mmoja akatufungia chujio la mkaa. Baada ya miezi mitatu tukapima: karatasi ya kipimo, inayobadilika rangi ikikuta aseniki, iligeuka kahawia ileile kwa maji ghafi na kwa yaliyochujwa. Bibi mmoja akaniuliza, "Sasa mwanangu, nimekuwa nikiwanywesha nini wajukuu?" Swali lile sijalisahau. Na wanaoshauri kuchemsha waache: maji hupungua, aseniki inabaki palepale.

Kinachonasa aseniki ni kutu. Aseniki inang'ang'ania juu ya kutu, yaani oksidi ya chuma, kama vumbi kwenye kitambaa kibichi. Nepal wana chujio la mchanga linalobeba kilo 5 za misumari ya chuma inayoshika kutu, na juu yake vipande vya matofali ili maji yasiichimbe. Tuliiga hilo. Tumia misumari ya mbao, siyo ya bati, kwa kuwa ya bati imepakwa zinki na huchelewa kushika kutu.

Hata hivyo mara ya kwanza matokeo yalikuwa nusunusu. Aseniki ina sura mbili. Ile inayotoka kwenye maji yasiyo na hewa haina chaji ya umeme, kwa hiyo hupita kwenye kutu bila kushikwa vizuri. Ukiigeuza kuwa ile ya pili, yenye chaji hasi, inanaswa. Tukaanza kutia klorini kidogo kwenye simtanki na kuyaacha maji yatulie kabla ya kuchuja. Hapo ndipo karatasi ilipoanza kubaki nyeupe.

Ukiweza kununua punje za oksidi ya chuma au alumina (oksidi ya alumini), nunua, ila ujue zinashiba, yaani nafasi za kunasia aseniki zinajaa. Siku zikishiba hutaona rangi wala kusikia harufu, aseniki itapita tu. Fosfati, chumvi yenye fosforasi, hugombania nafasi ileile, hivyo maji yenye fosfati nyingi huzishibisha mapema kuliko muuzaji anavyoahidi. Ndiyo maana sisi tunapima maji yanayotoka kila mwezi, na mwenye daftari ni yule bibi.

Kutu iliyokwisha kazi usiimwage dimbwini wala shambani. Kwenye tope lisilo na hewa huachia tena ilichonasa. Yetu tunaiweka kwenye pipa lenye mfuniko, mbali na kisima.

Kabla hujanunua chochote, weka hapa majibu ya maabara: aseniki, pH (kipimo cha uasidi), chuma na fosfati. Nitakusaidia kuyasoma.