Mume wako hakatai maporomoko, anakataa kumpita dada yake

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Uyole na ninafanya biashara ya viazi. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Mwaka huu mgao wa kikoba umenipatia shilingi milioni tatu, nami nimeamua kuwapeleka watoto Livingstone, Zambia, wakaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, kwa kuwa nilimwahidi binti yangu mkubwa endapo angefaulu kuingia kidato cha tatu, na amefaulu. Kampuni niliyoiuliza ilinitajia bei inayozidi fedha zote nilizonazo, hivyo nimepanga twende wenyewe kwa treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, kisha kwa basi hadi Lusaka na Livingstone. Wifi yangu anaishi Lusaka, lakini nimeona tupite usiku bila kumwarifu, maana nyumba yake ina watu wengi na mgeni haendi mikono mitupu. Mume wangu amekataa safari. Anasema kama ni maporomoko, Kaporogwe yapo hapo Rungwe. Mama mkwe naye anasema fedha hizo zingenunua bati za nyumba ya kijijini. Je, niende na watoto peke yangu, au niache?*

*Mama Watatu, Uyole*

Marahaba, mwanangu. Mpango wako wa safari ni mzuri kuliko unavyodhani, na tatizo lako si hilo uliloniandikia.

Tuanze na hoja ya mume wako. Angekuwa anabishana nawe kuhusu maji, asingekutajia Kaporogwe, angekutajia Kalambo. Maporomoko ya Kalambo yapo mkoani Rukwa, mpakani kabisa mwa Tanzania na Zambia, na yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, wakati Mosi-oa-Tunya ina mita 108 tu. Mtu hufika huko kutoka Sumbawanga kupitia Matai bila pasi wala muhuri. Mwalimu wa sekondari anayajua hayo, na kama angetaka kweli kukushinda kwa hoja angekushinda saa ileile. Aliokota Kaporogwe kwa sababu ndilo jina lililokuwa karibu na ulimi, naye alikuwa anatafuta njia ya kusema hapana bila kutaja kinachomuuma.

Kinachomuuma umekiandika wewe mwenyewe, tena kwa haraka, kama mtu anayepita mahali asipotaka kusimama. Umepanga kupita Lusaka usiku, mjini kwa dada yake wa damu, ukiwa na watoto wa kaka yake, bila kumwambia. Hebu jiweke mahali pa mwanamume huyo. Wifi yako atajua tu, kwa kuwa binti yako ataweka picha za maporomoko kwenye simu kabla hamjarudi Uyole, na siku atakapojua, atakayeulizwa si wewe. Ataulizwa yeye, kwenye kikao cha familia, mbele ya mama yake, kwamba ilikuwaje ukampita dada yako mlangoni kama mtu mwenye deni. Jambo hilo hawezi kukueleza kwa sababu akikueleza itaonekana anapendelea ndugu zake kuliko wanawe, kwa hiyo amejificha nyuma ya Kaporogwe.

Sikulaumu kwa kuogopa gharama za ugeni, kwani nyumba yenye watu wengi inamlazimu mgeni abebe kitu, na wewe umezihesabu fedha zako shilingi kwa shilingi. Hata hivyo, hesabu hiyo umeifanya upande mmoja tu. Mkilala kwa wifi usiku mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, mnaokoa gesti ya watu watano mara mbili katika mji mkuu, pamoja na teksi za kuhangaika na watoto usiku, na mnapata mwenyeji wa kuwaonyesha basi zuri la Livingstone. Kwa upande mwingine, zawadi inayomfaa Mbeya tunayo. Mbebee mchele wa Kyela kilo kumi na majani ya chai ya Tukuyu, kwa maana aliyeolewa mbali hukumbuka vitu vya kwao kuliko vitenge vya dukani. Viazi vyako viache nyumbani, na maparachichi vilevile, kwa sababu mazao mabichi ya shambani huhitaji cheti cha afya ya mimea kuvuka mpaka, nawe huna haja ya kubishana na maofisa kwa ajili ya debe moja.

Swali lako la kwenda peke yako nalijibu kwa kifupi: usiende. Nikiacha habari za ndoa, mzazi mmoja anayevuka mpaka na watoto watatu anaweza kudaiwa ushahidi kwamba mzazi wa pili ameridhia, na hata hati za watoto zenyewe ni vigumu kuzishughulikia baba akiwa amenuna. Safari hii inamhitaji.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo palipo na jibu la mama mkwe pia. Gharama kubwa inayoweza kukushtua haiko kwenye treni, iko kwenye hati za kusafiria. Ada ya pasi ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000 kwa mtu mmoja, na kwa watu watano ni 750,000, yaani robo ya mgao wako imeondoka kabla hamjapanda chochote. Ipo, hata hivyo, hati ya dharura ya safari, ambayo ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na pasi na hutolewa kwa raia wanaokwenda nchi za jirani. Nendeni ofisi ya Uhamiaji mkiwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vitambulisho vyenu, mwulize kama inawafaa kwa safari hii. Ikiwafaa, tofauti ya bei uibadilishe iwe bati na uzipeleke kijijini kabla ya kusafiri, si baada ya kurudi, kwa kuwa bati zilizokwisha kushushwa uani humtuliza mama mkwe kuliko maelezo yoyote utakayompa. Habari njema ni kwamba Mtanzania haombi viza ya matembezi kuingia Zambia. Chukueni pia kadi za njano za chanjo ya homa ya manjano, zisije zikadaiwa mpakani. Mchome mapema, kwani chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, ila ikishachomwa cheti chake ni cha maisha.

Kuhusu wakati, ninakusihi usikubali likizo ya Desemba hata kama mauzo ya viazi yatakubembeleza. Mto Zambezi, ndio unaoanguka pale, hulishwa na mvua zinazonyesha mbali, Angola na kaskazini-magharibi mwa Zambia, na maji hayo huchukua wiki nyingi kuteremka, hivyo mto hujaa hasa Machi hadi Mei na kupungua sana ifikapo Oktoba na Novemba. Katika miezi ya ukame sehemu kubwa ya ukuta wa upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu, na mwanzoni mwa Desemba maji yanakuwa bado hayajarudi vizuri, kwa hiyo binti yako angesafiri kilomita zaidi ya elfu moja na nusu kuja kutazama mawe. Kinyume chake, Aprili maji ni mengi mno, mvuke unapanda juu mpaka unaziba kila kitu na mtu anarudi ameloa bila kuona alichokifuata. Likizo yetu ya Juni imekaa pazuri kabisa katikati, maji bado ni mengi na macho yanapata nafasi. Baridi ya huko mwezi huo isiwatishe, watoto waliokulia Uyole wataiona kama mchezo.

Treni uliyoichagua ni sahihi kwa mfuko wako, lakini ina masharti yake. Vyumba vya kulala vya daraja la pili vina vitanda sita, na utaratibu wa TAZARA ni kuwatenganisha wanaume na wanawake isipokuwa kama chumba kizima kimenunuliwa na watu wamoja. Ninyi ni watano. Nunueni na kitanda cha sita, mkae pamoja, mizigo ilale juu ya kile kinachobaki. Maofisa wa uhamiaji huingia ndani ya behewa mpakani Tunduma na Nakonde, kwa hiyo hati zote ziwe kwenye mfuko mmoja anaoushika baba, na watoto wasiamshwe kwa fujo ya kutafuta karatasi chini ya vitanda. Wabadilishaji fedha nao hupita. Badilisheni kidogo tu ya kuanzia, mhesabu wenyewe noti baada ya noti kabla ya kutoa zenu, na mkague aina ya noti, kwa sababu Zambia ilitoa noti mpya za kwacha mwaka 2025 na hamtaki kubaki na za zamani. Rudisheni saa nyuma kwa saa moja, kwani Zambia iko nyuma yetu, na mtu aliyesahau hilo hukaa stendi akigombana na kondakta asiye na kosa.

Jambo moja lisikudanganye: ratiba ya treni hii ni matumaini zaidi kuliko ahadi. Huchelewa saa nyingi, na kuna vipindi ambapo safari za abiria husimamishwa kabisa. Fika kituoni Mbeya uulize kabla hujawatangazia watoto tarehe, na usilipie malazi ya Livingstone kwa siku ambayo mnategemea kuwa mmefika, acha siku moja ya akiba. Mkifika Kapiri Mposhi usiku, subirini kukuche ndipo mtafute basi la Lusaka, ambako ni mwendo wa kilomita 200 hivi. Treni ikiwa imesimama, njia ya pili ni basi hadi Tunduma, mvuke kwa miguu kupitia kituo cha pamoja cha mpakani, kisha mabasi ya Nakonde hadi Lusaka, yapata kilomita elfu moja. Kwa mtoto mdogo hiyo ni adhabu, lakini inawezekana.

Livingstone tafuteni nyumba ya wageni mjini yenye jiko la kutumiwa na wageni, kwani maporomoko yako umbali wa kilomita kumi hivi tu na daladala na teksi zipo. Sokoni mtapata unga wa mahindi na kapenta, ambao ni dagaa wenzao na wa kwetu wa Tanganyika, na hapo chakula cha siku mbili kimekwisha kujitengeneza. Langoni uliza kwanza kama ipo bei nafuu ya raia wa nchi za SADC kabla hujatoa fedha. Koti za mvua nendeni nazo kutoka nyumbani badala ya kukodi pale, na chakula kifungwe ndani ya begi, maana nyani wa pale hunyang'anya mfuko wa plastiki mkononi mwa mtoto mchana kweupe. Upande wa Zimbabwe unaonyesha upana wote vizuri zaidi, nakubali, lakini kiingilio chake ni ghali na kwa familia yenu upande mmoja unatosha. Ombeni kibali cha kufika darajani kwa miguu. Daraja hilo la mwaka 1905 liko juu sana ya mto na linaunganisha nchi mbili, na nadhani mwalimu wetu atalifurahia kuliko watoto. Helikopta msizitazame hata bei yake.

Usimweleze mume wako kwamba Shangazi amegundua siri yake, atajiona amevuliwa nguo. Mwambie tu kwamba umefikiri upya, umeona si vizuri kupita Lusaka bila kumwona wifi, na unaomba yeye ampigie dada yake amuulize kama Juni atakuwa na nafasi ya kuwalaza usiku mmoja. Apige yeye, si wewe, na apige kabla hamjakwenda Uhamiaji, ili wifi naye apate muda wa kumpigia mama yake kijijini na kumweleza kwamba anatarajia wageni.