Maswali ya Wasomaji: Mgeni Asiye Mwislamu Ajiwekeje Ugenini?

SWALI: Mhariri, mwezi ujao nitafuatana na wenzangu wa kazini kwenda Muscat, Oman, kwa siku kumi, na wakati wa kurudi tutapitia Casablanca, Moroko. Mimi ni mwanamke na si Mwislamu. Rafiki zangu wamenijaza hofu: mmoja ameniambia ninunue baibui kabla ya kuondoka, mwingine kwamba nisithubutu kumpa mwanamume mkono, na wa tatu kwamba nikikataa chochote nitakachokaribishwa nitakuwa nimemtusi mwenyeji. Nimsikilize nani? — Msafiri wa mara ya kwanza

JIBU: Dada, kila mmoja wa rafiki zako amegusa jambo la kweli, lakini wote wamezichukulia nchi za Waislamu kana kwamba ni nyumba moja yenye amri moja. Kuna yanayolazimishwa na sheria ya serikali, kuna yanayofundishwa na dini, na kuna mila tu za mahali, na mgeni anayeyachanganya huishia kuogopa yasiyo na neno na kuyapuuza yenye uzito. Chukua suala la mavazi. Iran, tangu mwaka 1983, sheria inamtaka kila mwanamke afunike nywele, awe mwenyeji au mgeni. Saudi Arabia, ilipofungua milango kwa watalii mwaka 2019, ilitamka kwamba mwanamke mgeni halazimiki kuvaa abaya mradi avae nguo za stara. Huko Oman unakokwenda, hakuna anayekutaka ufunike kichwa barabarani. Kinachotazamiwa ni kwamba mabega na magoti yamesitiriwa na kwamba nguo haibani wala haionyeshi mwili. Kwa hiyo fedha za baibui zihifadhi, ila mtandio mwepesi usikuache, kwa sababu utakapozuru Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, utatakiwa kufunika nywele, mikono na miguu kabla hujaruhusiwa kuingia. Wageni wasio Waislamu hupokelewa pale nyakati za asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Moroko mambo ni tofauti: misikiti mingi haiwafungulii wasio Waislamu, na hapo Casablanca ule wa Hassan II, uliokamilika mwaka 1993, ni miongoni mwa michache inayowapokea, nao huingia wakiwa na kiongozi. Popote utakapoingia, viatu huvuliwa mlangoni, sauti hushushwa, na ukimkuta mtu anasali usikatize mbele yake. Zunguka kwa nyuma hata kama njia ni ndefu.

Kuhusu kupeana mikono, rafiki yako wa pili yuko karibu na ukweli. Waislamu wengi, wanaume kwa wanawake, hawamgusi mtu wa jinsia nyingine asiye maharimu wao (ndugu wa karibu wasioweza kuoana naye), na wengine hawaoni tatizo lolote. Kwa kuwa huwezi kujua kwa kumtazama mtu, ngoja yeye aanze. Akinyoosha mkono, upokee. Akiweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, nawe fanya vivyo hivyo, wala usidhani umedharauliwa, kwa maana ishara hiyo ni salamu kamili. Kusema “Assalamu alaikum” si haramu kwako, na mara nyingi hulainisha mazungumzo kuliko zawadi.

Sasa nije kwenye ukarimu, ambako naona ndiko wageni wengi hukwama. Katika nyumba ya Oman utaletewa tende au halua, kisha kahawa. Mwenyeji hushika dele, yaani birika la kahawa, kwa mkono wa kushoto na kukukabidhi finjani kwa mkono wa kulia, nawe uipokee kwa mkono wa kulia. Humimina kidogo tu, funda mbili tatu. Usidhani amekunyima, kwani anakusudia akuongezee. Mara ya kwanza nilipokaribishwa hivyo, nilikuwa nikirudisha finjani tupu, imetulia mkononi, nikiamini kwamba nimeeleweka, nayo ikajazwa tena, na tena, hadi moyo ukaanza kunienda mbio. Mzee mmoja aliyeketi kando yangu alinihurumia: aliichukua finjani yake kwa vidole viwili, akaitikisa mara mbili kulia na kushoto, akamrudishia mmiminaji, naye akapita. Hiyo ndiyo namna ya kusema imetosha. Kwa hiyo kukataa si tusi. Kinachoumiza ni kukataa tangu mwanzo bila kuonja. Onja kidogo, sifu, kisha shukuru. Na mkiketi chini, kunja miguu ili nyayo zisimwelekee mtu.

SWALI: Nitakuwa Kuwait na mwanangu wa miaka mitano katika mwezi wa Ramadhani. Sisi hatufungi. Nitamlishaje mchana? — Mama msafiri

JIBU: Mtoto wa umri huo hafungi hata angekuwa wa Kiislamu, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa kwamba anakula. Jambo la kuangalia ni mahali. Kuwait ina sheria ya mwaka 1968 inayokataza kula na kunywa hadharani mchana wa Ramadhani, nayo haimbagui asiye Mwislamu, na kutafuna ubani au kuvuta sigara barabarani nako ni katika hayo ya kuepukwa. Mlishe chumbani kabla ya kutoka, na upange matembezi yawe mafupi mchana na marefu usiku, maana baada ya tarawehe, sala ya usiku wa Ramadhani, ndipo miji huchangamka. Usipange kwenda na kalenda ya zamani: Ramadhani hufuata mwezi mwandamo na huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mkialikwa kufuturu, fikeni kabla ya magharibi, wala msianze kula kabla ya adhana. Wengi hufungua kwa tende na maji, wakaenda kusali, ndipo wakarudi kwenye chakula chenyewe; mkiachwa peke yenu kwa dakika hizo chache, msihamaki.

SWALI: Je, naweza kupiga picha za watu sokoni? — Mpenda picha

JIBU: Omba ruhusa kwanza, hata kwa ishara ya kuinua simu na kuuliza kwa macho, na kwa wanawake usipige kabisa bila ridhaa ya wazi. Anayesali mwache. Vituo vya polisi, kambi za jeshi na viwanja vya ndege usivielekezee kamera. Hapo si suala la adabu bali la kukamatwa. Aliyekubali akitaka kuiona picha, mwonyeshe, na akibadili nia, ifute mbele yake huku anatazama.