Nimeambiwa nina ADHD nikiwa na miaka 34: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Tabata na ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa mjini. Wiki tatu zilizopita, baada ya kuhudhuria kliniki mara kadhaa, niliambiwa nina ADHD. Kilichonipeleka ni kwamba nilisahau kuwasilisha nyaraka za mteja, kontena lake likakaa bandarini siku nne zaidi na akatozwa gharama za kuhifadhi mzigo, na haikuwa mara ya kwanza. Nimeandikiwa methilfenideti lakini sijaanza kuitumia kwa sababu naogopa kuizoea nisiweze kuiacha. Mama anasema huu ni uvivu uliopewa jina la Kizungu. Mwaka huu nimenunua shajara nne na hakuna niliyoiandika zaidi ya wiki mbili. Nitapata wapi msaada hapa Dar es Salaam, na ni mbinu zipi ambazo sitazitupa baada ya siku chache?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa mzigo wa wiki hizi tatu.

Nitaanza na zile shajara nne, kwa sababu zinaieleza hali yako vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua. Mtu mwenye ADHD, yaani upungufu wa umakini ambao mara nyingi huambatana na mhangaiko na kufanya mambo bila kusubiri, kwa kawaida anajua vizuri kinachotakiwa kufanywa, na pengine anaweza kumfundisha mwenzake. Kinachomshinda ni kukitenda mahali pake na kwa wakati wake. Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley, ambaye ameichunguza hali hii kwa miongo mingi, amekuwa akisisitiza kwamba upungufu uko kwenye kutenda na wala si kwenye kujua, na kwamba kwa sababu hiyo msaada hauna budi kuwekwa mahali penyewe pa tendo. Sasa itazame shajara: imefungwa, imo ndani ya mkoba, na ili ikukumbushe jambo lolote inakutaka kwanza wewe uikumbuke yenyewe. Ni kama kuiweka miwani ya mtu asiyeona mbali juu ya kabati ambalo haoni liko wapi. Hukushindwa kwa uzembe. Ulipewa kifaa kinachotegemea uwezo uleule uliopungua.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari kijana, nilimwambia mgonjwa mwenye malalamiko kama yako kwamba ajitahidi zaidi na awe na nidhamu. Hakurudi tena, na hadi leo ninajutia maneno yale, kwa sababu alikuwa amekuja kwangu baada ya kujitahidi maisha yake yote.

Nichukue mfano mmoja wa karibu, ambao mwenyewe ameniruhusu kuusimulia. Ni fundi seremala wa Keko, mikono yake ina ufundi wa hali ya juu, lakini alikuwa akipokea oda kumi na kuzianza zote bila kuimaliza hata moja, huku wateja waliokwisha kulipa malipo ya awali wakimpigia simu tangu alfajiri. Oda alikuwa akiziandika kwenye daftari la kaunta lililolala chini ya randa na maranda. Tulichokifanya hakikuwa cha kitaalamu sana kwa kukitazama. Alipigilia misumari mitatu ukutani, usawa wa macho yake, juu kabisa ya meza anayopigia randa, na kila oda ikaandikwa kwenye kipande cha karatasi ngumu chenye jina la mteja, tarehe ya kukabidhi na hatua moja tu inayofuata, kwa mfano «kata miguu minne» au «nenda kanunue bawaba». Karatasi inatundikwa kwenye msumari, na misumari ikijaa hakuna kazi mpya inayoanza, hata kama mteja amekuja na fedha mkononi. Oda yake inaandikwa na inasubiri ndani ya boksi. Wiki ya pili alikuja kuniambia kwamba alikuwa ameshika mkononi msumari wa nne, nyundo iko tayari, kisha akaurudisha kopoani. Hapo ndipo nilipojua kwamba mbinu imeshika, kwa sababu ukuta ulikuwa umeanza kumsemea lile neno «ngoja» ambalo kichwa chake hakilisemi kwa wakati.

Kwako wewe, msumari utakuwa kitu kingine, lakini kanuni ni hiyohiyo: kitu kionekane bila kutafutwa, kiwe mahali pa kazi yenyewe, na kitaje hatua moja. Kwa nyaraka za forodha ningependekeza ubao mweupe nyuma ya kompyuta yako, wenye namba ya kila kontena, siku ya mwisho ya kuwasilisha nyaraka bila tozo, na jina la mtu unayesubiri kitu kutoka kwake. Usiandike «shughulikia mzigo wa fulani», kwa sababu neno «shughulikia» halina mahali pa kushika. Andika «mpigie wakala wa meli saa nne». Vilevile weka kengele mbili kwenye simu kwa kila jambo lenye saa: ya kwanza ikuambie uache unachofanya, ya pili ikuambie uondoke. Wengi huweka ile ya pili peke yake, na ikilia wanakuwa katikati ya jambo jingine, wanaizima kwa kidole huku macho yao yako kwingine. Wenye hali hii huuhisi muda kama vipande viwili tu, sasa na baadaye, kwa hiyo saa ya ukutani yenye mishale husaidia kuliko tarakimu za simu, kwa kuwa mtu anauona muda ukipungua kwa macho.

Ipo pia mbinu iliyochunguzwa na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, ya kulifunga tendo na tukio ambalo litatokea hata ukisahau. Badala ya kujiambia «nitakuwa nalipia LUKU mapema», jiambie na uandike: «nikishapokea ujumbe wa mshahara, nanunua umeme kabla ya kufungua ujumbe mwingine wowote». Tukio ndilo linalokumbuka kwa niaba yako.

Mbinu hizi zitachakaa. Kitu kipya humvutia sana mwenye ADHD, na kikizoeleka jicho huacha kukiona. Baada ya majuma kadhaa ubao utakuwa sehemu ya ukuta. Jambo hili likitokea usilihesabu kuwa shajara ya tano. Badilisha rangi ya kalamu, hamisha ubao, badilisha mlio wa kengele, na uendelee. Wanaofanikiwa kliniki kwangu ni wale waliokubali kwamba kubadilisha kifaa mara kwa mara ni sehemu ya matumizi yake.

Kuhusu dawa, hofu yako ina heshima yake, lakini acha niieleze dawa yenyewe. Methilfenideti ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944, kwa hiyo si kitu kipya wala cha kujaribiwa kwako. Kwenye ubongo huzuia kemikali mbili, dopamini na noradrenalini, zisirudishwe haraka kwenye seli zilizozitoa, na matokeo yake ishara ya «hili ndilo la muhimu sasa» hudumu muda mrefu kidogo. Kidonge cha kawaida hufanya kazi takriban saa tatu hadi nne kisha huisha. Ni dawa inayodhibitiwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kwa sababu inaweza kutumiwa vibaya, hasa kwa dozi kubwa au kwa njia isiyo ya kumeza. Kwa mtu mwenye ADHD anayemeza dozi aliyoandikiwa huku akifuatiliwa, hatari ya kuwa tegemezi ni ndogo, na tafiti za kufuatilia wagonjwa kwa miaka hazijaonyesha kwamba tiba hii huwasukuma kwenye ulevi wa dawa baadaye. Kinachostahili uangalifu wako zaidi ni vitu vya kawaida: hamu ya kula hupungua, usingizi unaweza kuchelewa ikimezwa jioni, na mapigo ya moyo na shinikizo la damu vinaweza kupanda. Kabla hujaanza, hakikisha umepimwa presha na mapigo, na mweleze daktari kama una tatizo la moyo au kama kuna ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Kama una mimba au unapanga kupata, liseme hilo mapema, nalo lijadiliwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Upatikanaji ni suala la kupanga, kwa kuwa dawa ya namna hii haiwekwi katika kila duka. Piga simu kabla ya kupanda gari, uliza kama watakuwa nayo mwezi ujao pia, uliza bima yako kama inailipia, na tunza cheti halisi cha daktari. Usinunue kidonge kilichotolewa kwenye paketi yake wala usikubali cha rafiki. Ikikosekana, au ikikudhuru, mrudie daktari wako. Ipo dawa nyingine, atomoksetini, ambayo si ya kundi la vichangamshi kama methilfenideti, ila huhitaji wiki kadhaa kabla hujaona kazi yake, na wengi huiacha wiki ya pili wakidhani imeshindwa.

Dawa hurahisisha kuanza na kuendelea, lakini haikupangii ubao. Mwaka 2010 Steven Safren na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima 86 waliokuwa tayari wanatumia dawa na bado wana dalili. Waliopata tiba ya kisaikolojia ya kufundishwa kupanga kazi, kukabili vishawishi na kurekebisha fikra zinazokatisha tamaa walipata nafuu kubwa kuliko waliofundishwa kutuliza mwili na kupewa elimu ya jumla. Hii ndiyo huduma unayopaswa kuiulizia kwa jina lake: tiba ya kisaikolojia ya fikra na tabia, yenye mazoezi ya nyumbani. Hapa jijini, idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ni mahali sahihi pa kuanzia, na hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala nazo zina huduma za afya ya akili. Kwa mtu wa Tabata, Amana iko karibu. Muulize mwanasaikolojia moja kwa moja kama amewahi kuwahudumia watu wazima wenye ADHD. Swali hilo si utovu wa adabu. Uliza pia upimwe msongo, sonona na matatizo ya usingizi, kwa sababu huandamana na hali hii mara nyingi, na kutibu moja ukaacha nyingine hukuchosha bure. Na ikitokea siku ukajiona afadhali usingekuwepo, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, ukiwa na mtu.

Kikundi cha watu wenye hali kama yako kinaweza kuanzia palepale kliniki: mwombe daktari awaulize wagonjwa wengine, kwa ridhaa yao, kama wangependa kukutana. Watu watano wanatosha. Wanawake wa mji huu wanajua nguvu ya jambo hili kuliko kitabu chochote, kwa sababu mtu asiyeweza kuweka akiba peke yake hutoa fedha za mchezo kila wiki bila kukosa, maana kuna macho yanayomsubiri. Chukueni utaratibu huohuo: kila Jumapili jioni kila mmoja anataja jambo moja atakalolimaliza, na Jumatano anaulizwa. Hata kukaa tu na mwenzako mezani, yeye akifanya yake na wewe yako, kunamsaidia mwenye ADHD kuanza kazi aliyoiahirisha kwa siku nyingi.

Kazini hulazimiki kulitaja jina la hali yako. Omba vitu mahususi: maelekezo kwa maandishi, meza iliyo mbali na mlango, na mtu wa pili wa kuhakiki tarehe za nyaraka.

Limebaki la mama, na nadhani ndilo linalokuuma zaidi. Usibishane naye kuhusu jina. Daktari George Still aliwaelezea watoto wa namna hii mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1902, na mwaka 2021 wanasayansi wa mataifa mengi walikusanya hitimisho 208 zenye ushahidi kuhusu hali hii, mojawapo likiwa kwamba kwa sehemu kubwa hurithiwa katika ukoo. Lakini mama hatashawishiwa na tarehe. Mama amekuona ukihangaika tangu mtoto, na huenda neno «uvivu» ndilo pekee alilopewa na walimu wako. Wasichana wengi wenye hali hii hawasumbui darasani. Wanakaa kimya, mawazo yao yako mbali, na ripoti inaandikwa «ana uwezo ila hajitumi». Mwombe akusindikize kliniki ijayo, umwambie kwamba daktari anamhitaji, na hilo ni kweli: vigezo vinavyotumika tangu mwaka 2013 vinataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, na hakuna shahidi wa miaka hiyo anayemzidi yeye. Kama bado amezihifadhi ripoti zako za shule ya msingi, azibebe, na maelezo ya walimu ayasome yeye mwenyewe mbele ya daktari.