Kudai nafuu ya kodi ya yunifomu na vifaa vya kazi Uingereza: dai mwenyewe, usimpe wakala

Dada uliyeuliza, ndio, ni kweli hela ipo, na hiyo fomu usiisaini kwanza. Kwa wanaoingia sasa hivi, dada ni keya, yaani mtunza wazee na wagonjwa, kwenye nyumba ya wazee huku Uingereza, tuniki anafua mwenyewe kwake, kuna kampuni imemtumia meseji kwamba itamrudishia kodi ya yunifomu ila itachukua asilimia 40 pamoja na VAT, alafu anaogopa kwamba akidai visa yake itaguswa. Mi ni nesi huku, nilianza na ukeya kama wengi wetu, na mume wangu ni fundi magari gereji, kwa hiyo la yunifomu na la vifaa yote tunayajua humu ndani na tunadai wenyewe kila kitu.

Nianze na visa maana hiyo ndo inayowafunga watu. Kwenye visa zetu kuna yale maneno kwamba huruhusiwi kutumia fedha za umma, na watu wakiyasoma wanaogopa kila kitu chenye jina la serikali. Fedha za umma wanazosema pale ni misaada, yaani Universal Credit, Child Benefit, hela ya nyumba na kadhalika. Nafuu ya kodi haimo kabisa. Hii ni kodi uliyokatwa zaidi ya ulivyotakiwa kukatwa, kwa sababu sehemu ya mshahara wako umeitumia kufanya hiyo hiyo kazi, basi wanakurudishia ya kwako. Inaniuma sana kuona watu wanaofanya shifti za usiku wiki nzima wanaiacha hela yao HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, kwa hofu ambayo hakuna aliyewaambia kwamba haina msingi.

Sasa inavyofanya kazi. Kwetu Tanzania ukiwa na ajira moja PAYE, ile kodi anayokata mwajiri kwenye mshahara, ikishakatwa umemaliza, hufaili kitu, na Kenya kila mtu anajua lazima ufaili kwenye iTax, mfumo wao wa kodi wa mtandaoni, kabla ya 30 Juni hata kama mwajiri kakata kila kitu. Huku mwajiriwa wa kawaida hafaili chochote, kwa hiyo hakuna siku utaulizwa kama kuna gharama umelipa mfukoni. Usipodai hupewi, na mwajiri wala hana wajibu wa kukuambia, wa kwangu hajawahi kuniambia hata mara moja.

Kwenye yunifomu kuna viwango maalum wameshavipanga, ukidai kwa kiwango hicho hutunzi risiti ya sabuni wala ya umeme wa mashine. Kama kazi yako haipo kwenye orodha yao kiwango ni £60 kwa mwaka, na makeya wengi wanaozunguka majumbani wanaangukia hapo. Manesi, wakunga na wasaidizi wa afya wa NHS (hospitali za serikali), hospitali binafsi na nursing home (nyumba ya wazee yenye manesi) ni £125, wahudumu wa ambulensi £185, fundi wa gereji £120, seremala £140. Kwa hiyo dada angalia unapofanya kazi ni nursing home au ni nyumba ya wazee ya kawaida, maana hapo ndo kiwango chako kinapobadilika. Manesi na wakunga pia tunaongeza £12 za viatu na £6 za soksi ndefu kama mwajiri anakulazimisha aina au rangi fulani na hakupi bure.

Ila msichanganye hapa, hiyo £125 sio hela utakayopewa mkononi. Ni kiasi cha mshahara ambacho hakitatozwa kodi, kwa hiyo kama unakatwa asilimia 20 unapata £25 kwa mwaka, na kwa ile £60 unapata £12. Najua kuna atakayesema £12 ni ya nini, lakini unaruhusiwa kurudi nyuma miaka minne ya kodi, na mwaka wao unaanza 6 Aprili unaishia 5 Aprili mwaka unaofuata, kwa mfano mwaka wa 2022/23 mwisho wa kuudai ni 5 Aprili 2027. Nesi mwenye miaka minne nyuma ana £100 zake zimekaa tu. Na lazima mwaka huo uwe ulilipa kodi, kama ulipata chini ya £12,570 hukukatwa kitu, hakuna cha kurudishiwa.

Visivyokubalika: kama mwajiri anafua yeye au anakulipa gharama yote, huwezi kudai. Suruali nyeusi na shati jeupe la kawaida hakuna hata kama umelazimishwa kuvaa, lazima iwe yunifomu inayoonyesha kazi yako, kama tuniki yenye nembo. Glovu na aproni na vifaa vya kujikinga usinunue, mwajiri kisheria anatakiwa akupe bure, ukiona unanunua mwenyewe hapo pana tatizo la mwajiri na sio la kodi.

Kwa mafundi, kiwango cha £120 kimejumuisha vifaa na nguo. Kama spana na soketi unazobadilisha au kutengeneza kwa mwaka zinazidi hapo, unaweza kudai gharama halisi badala ya kiwango, ila risiti iwepo na ni kwa kutengeneza au kubadilisha kifaa kidogo kilichoisha, sio seti yako ya kwanza ya kuanzia kazi. Mume wangu risiti zote anapiga picha palepale dukani maana karatasi ya risiti inafutika maandishi kabla mwaka haujaisha.

Alafu kuna hili ambalo hukuuliza lakini kwa keya wa majumbani ndo lenye hela ya maana, maili. Safari ya kutoka kwako kwenda kazini haimo, ila kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine kwa gari lako imo. Kiwango kilichowekwa 2011 ni peni 45 kwa maili kwa maili 10,000 za kwanza, alafu peni 25. Mwajiri akikulipa peni 25, ile tofauti ya peni 20 unaidai: ukiendesha maili 5,000 kwa mwaka hiyo ni £1,000 isiyotozwa kodi, yaani £200 zako. Hapa ushahidi wanautaka, kwa hiyo andika kila safari tarehe, postikodi ya kutoka na ya kwenda, na sababu. Ada ya NMC, baraza linalosajili manesi, nayo inadaiwa, pamoja na ya RCN, chama cha manesi.

Turudi kwa wakala wako. Asilimia 40 ukiweka VAT juu yake inakuwa 48, kwa hiyo kwenye £100 unabaki na £52, na kazi yenyewe ni kujaza fomu. Mbaya zaidi baadhi ya fomu zao unasaini kwamba marejesho yako yote yapitie kwao. Tangu 15 Machi 2023 sheria imekataa kumkabidhi mtu mwingine haki ya marejesho yako ya kodi, lakini bado wanaweza kukufanya uwateue wapokee hela kwa niaba yako, wakate chao kwanza. Na kama hiyo meseji inasema inatoka HMRC yenyewe na ina linki ya kubonyeza, futa, HMRC hawatangazi marejesho kwa meseji wala imeili yenye linki ya kuweka taarifa za benki.

Kudai mwenyewe: ingia gov.uk, fomu inaitwa P87, unaweza kuijaza mtandaoni au kuituma kwa posta. Kaa na National Insurance namba yako (ile ya bima ya taifa), P60 (karatasi ya mwajiri ya mwisho wa mwaka inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa), na peislipu yenye namba ya PAYE ya mwajiri, jina la kazi yako liandike kama lilivyo kwenye mkataba. Ikipita, ya miaka ya nyuma wanakurudishia hela, ya mwaka huu wanabadilisha ile namba ya kodi kwenye peislipu, kwa mfano 1257L inakuwa 1263L kwa mwenye £60, unakatwa kidogo kila mwezi. Inaendelea hivyo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukihamia kazi isiyo na yunifomu, au mwajiri akianza kufua, waambie HMRC mapema wasije wakakudai nyuma. Ukikwama kwenye namba ya PAYE ya mwajiri andika hapa nikuelekeze ilipo, kwenye peislipu nyingi imejificha juu karibu na jina la kampuni.