Altezza yangu ya kwanza: kabla hujanunua rimu, lala chini ya gari uangalie

Sikosi mtu wa kuniuliza kuhusu Altezza, ile gari ndogo ya Toyota. Wengi ni vijana, wameshika hela kidogo, wameona moja inauzwa, namba C au namba D, rangi ya silva, dalali kawaambia haina tatizo hata moja ni kuwasha na kuondoka. Swali lao la kwanza huwa ni hilo hilo, inakula wese sana? Mi nawajibu wese tutaongea baadae, kwanza niambie ukishalipa hiyo hela mfukoni unabaki na shingapi. Kama hubaki na kitu, subiri. Na nasema hivi nikiwa naipenda hii gari kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa jasho langu.

Ya kwangu niliichukua 2019, Tabata, mkononi mwa mtu, milioni nane na laki tano. RS200, gia za mkono, gia sita. Kwa asiyejua, Altezza zilitengenezwa Japani kuanzia 1998 mpaka 2005, huko Ulaya na Marekani zikauzwa kwa jina la Lexus IS, na kuna mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku. AS200 ina injini ya 1G, silinda sita, hospawa 160, gari tulivu sana. RS200 ina injini ya 3S-GE, ile inayoitwa Beams, silinda nne, ni lita mbili hizo hizo lakini hospawa 210 kwa ile ya gia za mkono, na hizo hospawa ziko juu kabisa, injini ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika huko. Ndo maana ukiendesha mjini kwenye foleni utasema mbona ya kawaida tu, alafu siku umepata barabara nyeupe ukaiacha ipande mpaka 6,000 inabadilisha sauti, inakuwa kama kuna mtu mwingine kaingia ndani ya injini. Hiyo sauti ndo iliyonimaliza. Muuzaji alinipeleka mara moja tu barabara ya Mandela asubuhi ya Jumapili, nikarudi nikatoa hela.

Nilichofanya wiki ya pili ndo sitaki mtu mwingine akifanye. Nilikuwa nimebakiwa na kama milioni moja na nusu, nikanunua rimu za inchi 18 na springi fupi za kuishusha gari. Ile gari ilikuja na inchi 17 zake nzuri tu za kiwandani. Nikatoa milioni moja na laki mbili kwa rimu na tairi, springi zikala iliyobaki, na sikumwomba fundi hata alale chini ya gari dakika tano aangalie kuna nini. Ilipendeza, siwezi kukataa. Lakini Dar hii ya matuta na mashimo, gari imeshuka, tairi ubavu wake ni mwembamba kama mkate uliokatwa, kila shimo linapokelewa na chuma moja kwa moja. Ndani ya miezi miwili rimu moja ilikuwa imepinda, na mbele kulia kukaanza sauti.

Hiyo sauti nataka niielezee vizuri maana kuna mtu anasoma hapa anaisikia kwenye gari yake sasa hivi. Ilikuwa ko, halafu kimya, halafu ko, ninapokata kona kuingia getini tu au nikipanda tuta kwa pembeni. Barabarani kwenye lami nzuri hakuna kitu. Nikajiambia ni springi mpya zinakaa. Wiki tatu nikawa naongeza redio.

Siku moja jioni natoka kwa dada yangu Sinza, nakata kona ya mtaani, spidi ya mtu anayetembea, nikasikia kishindo na usukani ukaninyang'anya mikono. Nikashuka. Tairi ya mbele kulia ilikuwa imelala kwa nje kama mguu wa mtu aliyeteguka, fenda imeikalia juu. Boljointi ya chini, ile gololi inayounganisha tairi na mkono wa chini wa gari, ilikuwa imechomoka yote. Watu wakaja kusaidia kusukuma, vijana wa bodaboda wakazuia magari, mi nimesimama tu naangalia, maana jana yake nilikuwa barabara ya Bagamoyo, 80, mdogo wangu kakaa pembeni na mwanae wa miaka mitatu yuko nyuma. Jana yake tu. Usiku ule sikulala.

Fundi wangu, mzee mmoja wa gereji ya vumbi ambaye tangu siku ile sijawahi kumuacha, alinipa ile boljointi mkononi. Raba yake ilikuwa imepasuka zamani, ndani hakuna grisi, ni mchanga na unga wa kutu, na ile gololi ukiisukuma kwa kidole inacheza kama jino la mtoto. Akaniuliza "Kijana, hii sauti umeanza kuisikia lini?" Nikamwambia wiki tatu mzee. Hakunigombeza. Akasema "Sasa ukisikia kitu uje siku hiyo hiyo, hata kama huna hela, uje tuangalie tu."

Kwahiyo ushauri wa kwanza, na kama unasoma kwa haraka soma hapa: Altezza yoyote unayoinunua, boljointi za chini za mbele ziangaliwe kabla ya kitu kingine chochote, maana ndo zinabeba gari na barabara zetu zinazila. Inyanyuliwe na jeki, mmoja ashike tairi juu na chini aitikise, mwingine ashike boljointi yenyewe asikilize kwa vidole. Ikicheza hata kidogo, toa. Raba ikiwa imepasuka, toa hata kama haichezi, kwasababu mchanga umeshaingia. Na zinabadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto, halafu unapeleka gari kwenye wheel alignment, tairi zinyooshwe, usiache.

Hapo kwenye kubadilisha nikakosea tena. Nikaenda dukani nikapewa boljointi kwenye boksi zuri, nembo, stika inayong'aa, bei nusu ya ile aliyoniambia mzee. Baada ya miezi minne raba zote mbili zimechanika. Tangu hapo sinunui spea kwa kuonyeshwa boksi. Naanza na namba ya chesesi, kwa RS200 inaanzia SXE10, natafuta namba ya spea yenyewe, naiandika, ndo naenda dukani na namba na ile ya zamani nimeifunga kwenye gazeti. Ukienda mitaa ya Gerezani au Ilala hapa Dar kwenye vitu vilivyotumika kutoka Japani sawa, mlango, taa, kioo, hata gia boksi utapata nzuri kabisa, mi taa zangu za nyuma nimezitoa huko na ni orijino. Lakini vitu vinavyokushikilia barabarani, boljointi, breki, mpira wa breki, hivyo nunua vipya na vya kweli hata kama itabidi gari ikae nyumbani mwezi mzima ukijichanga. Ya kwangu ilikaa wiki sita, nikawa napanda mwendokasi kama kawaida na maisha yakaenda.

Rimu za 18 niliziuza hapo hapo, nikarudisha 17 na springi zake. Gari ikatulia, na tumbo la gari likaacha kusalimiana na matuta.

Haya, joto. Hii ni stori ndefu kidogo.

Ilikuwa foleni, Buguruni, saa kumi jioni, AC inapuliza. Kwenye Altezza ndani ya saa kubwa ya spidi kuna vigeji vidogo, kimoja cha joto, ni kidogo kweli inabidi ujizoeshe kukiangalia. Kwa bahati nilikiangalia. Mshale umepita katikati na unaendelea kupanda. Nikazima AC, nikatoka pembeni, nikazima gari. Ndo kitu pekee nilichofanya sahihi mwaka ule mzima. Wakaja watu wawili watatu na vidumu vya maji, fungua boneti, fungua kifuniko, mwagia, nikakataa kabisa. Rejeta ikiwa ya moto ukifungua kifuniko yale maji yanakurukia usoni, na ukimwaga maji ya baridi kwenye injini iliyochemka unaweza kuipasua silinda hedi. Nikasubiri bredauni, gari la kuvuta.

Mzee akaanza kwa kuchomoa kijiti cha oili. Kama oili ingekuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa ingemaanisha maji yameshaingia kwenye oili na gasketi imeondoka. Ilikuwa safi. Akasema umezima mapema, shukuru Mungu. Halafu akaangalia juu ya rejeta. Lile tanki la plastiki linatakiwa kuwa jeusi, la kwangu lilikuwa limekuwa kahawia kama tende, na kuna ufa mwembamba kama unywele ambao ukikauka unaacha mstari mweupe. Ukiona plastiki imekuwa kahawia, bana, usisubiri ufa.

Akafungua nyumba ya themostati. Hamna kitu ndani. Kuna fundi huko nyuma aliitoa, na najua wengi mmeshaambiwa hivyo, toa themostati nchi yetu ya joto haihitaji. Sio kweli. Ile themostati inafunguka injini ikifika joto la 80 na kitu, kabla ya hapo inazuia maji ili injini ipate moto wake haraka. Ukiitoa, ukiwa safari ndefu injini inabaki ya baridi, kompyuta inadhani bado imewashwa sasa hivi inaendelea kumwaga mafuta mengi, wese linaisha na oili haipati joto la kufanya kazi yake. Na kama rejeta imeziba, kwenye foleni bado itachemsha tu. Yaani unalipia mara mbili. Na kilichoziba ya kwangu ni maji ya bomba, miaka yote ilikuwa inajazwa maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, maji yaliyotoka mle ndani yalikuwa na rangi ya matope ya Msimbazi. Kutu imekula mpaka pampu ya maji, inavuja kwa chini taratibu.

Sasa kwenye hii injini pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake. Ukitaka kuitoa pampu lazima utoe mkanda. Kwahiyo mzee akafungua makava, akaanza kufuta vumbi na grisi kwa tambara lenye petroli, akaniita. "Njoo usome, hiki ni kichina au kijapani?" Ilikuwa stika ndogo, imefifia, ina maandishi kwa kalamu. Nikapiga picha, simu ikatafsiri: kubadilisha mkanda wa taiming, mwaka 19, mwezi wa 6, kilomita 101,850.

Mwaka 19 ni wa kalenda yao ya Heisei, ukitaka kuujua unajumlisha 1988, kwahiyo ni 2007. Na mimi gari nilipoinunua, saa ya kilomita ilikuwa inasoma 78,000.

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikaitazama ile stika muda mrefu. Nani alirudisha kilomita sijui na sina wa kumlaumu, imepita mikono mingi. Lakini mkanda uliokuwa mle ndani ndo huo huo wa 2007, tulipoukunja ukaonyesha nyufa ndogo ndogo kati ya meno, na pembeni unachanika nyuzi. Kwenye Beams mkanda ukikatika gari haizimi tu ukapiga simu, valvu zinakutana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. Mkanda, tenshena inayoukaza, pampu, oilsili za mbele zinazozuia oili isivuje, themostati, kulanti na ufundi vilinila laki sita na nusu, rejeta nikaongeza mbali. Yote kwa pamoja haifiki bei ya zile rimu.

Kwahiyo ukienda kuangalia gari, chukua tochi ndogo. Tafuta stika za Kijapani, kwenye kava la mkanda, kwenye ukingo wa mlango, chini ya boneti, mafundi wao wana tabia ya kuandika kila wanachobadilisha. Linganisha na saa. Ukikosa stika kabisa, chukulia mkanda haujabadilishwa na hiyo hela ikate kwenye bei mnapopatana.

Mengine ni mafupi. Oili mi namwaga kila kilomita 5,000, na kijiti nachomoa kila Jumamosi asubuhi injini ikiwa baridi, maana hii injini ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, pande zote mbili, za kuingiza na za kutoa, na inategemea oili kufanya kazi. Wese, naweka kituo kimoja tu ninachokiamini, kwasababu mgandamizo ndani ya silinda zake ni mkubwa, 11.5 kwa 1, ukiwekewa iliyochakachuliwa utaisikia inagonga ukikanyaga kupanda mlima. Mvua kubwa ikinyesha simpiti Jangwani hata mwenye Land Cruiser akipita mbele yangu. Na bima kata kubwa, ukiweza.

Tulipomaliza kufunga makava nilimwomba mzee kalamu ya wino. Chini ya ile stika ya Kijapani, ambayo tuliifuta vizuri na kuiacha pale pale, nikabandika ya kwangu: mkanda, tenshena, pampu ya maji, Aprili 2021, saa inasoma 96,400 lakini saa sio ya kweli, soma ya juu. Mzee akasoma mara mbili, akafunga boneti, akaniambia niwashe.