Tundu la sindano, mkono mzima hatarini

Swali: Mwenzetu karakanani alipapasa mpira wa haidroli (bomba laini la mafuta yenye presha) uliokuwa unavuja, akahisi kama kachomwa sindano. Palibaki kitobo tu, hakikutoka damu. Akapaka spiriti, akaendelea na kazi. Usiku mkono ukavimba, na sasa amefanyiwa upasuaji mara mbili. Kitobo kile kimeletaje yote haya? — *Fundi pampu, Chongoleani*

Jibu: Poleni sana. Kitobo ni mlango tu, shida ni kilichoingia. Mafuta yenye presha ya bar 7 yanaweza kupenya ngozi, na mitambo mingi ya haidroli huzidi bar 200. Yakishaingia hufuata ala za kano (mifuko inayozunguka kamba zinazokunja vidole) hadi kiganjani, hubana mishipa ya damu na kuunguza nyama kwa kemikali zake. Saa za mwanzo mtu huhisi ganzi au maumivu kidogo, ndiyo maana wengi hudharau. Bomba la grisi na la kupulizia rangi huleta jeraha hilihili.

Anayechomwa hivyo aende hospitali yenye daktari wa upasuaji, kwa Tanga ni kama Bombo, muda uleule. Kila saa inayopita huongeza uwezekano wa kukatwa kidole. Lengo ni afanyiwe upasuaji ndani ya saa 6 tangu achomwe. Njiani avue pete na saa, ainue mkono, asile wala kunywa. Msikamue kitobo wala kuweka barafu, maana barafu huzidi kubana mishipa. Bebeni picha ya lebo ya mafuta na muandike presha ya mtambo. Mapokezi semeni wazi: "Mafuta yameingia chini ya ngozi kwa presha." Mkisema "kachomwa" tu, anaweza kufungwa plasta na kurudishwa nyumbani.

Uvujaji hautafutwi kwa mkono, hata wenye glavu: glavu haizuii mchirizi ule. Pitisha kipande kirefu cha boksi, vidole vikiwa mbali. Kikilowa au kutoboka, umepapata. Kisha zima mtambo na utoe presha kabla ya kugusa nati. Kuzima pampu peke yake hakutoshi, kwa sababu akyumuleta (chombo cha kutunzia presha) hubaki imejaa presha. Na ninyi mlio kwenye mafuta ghafi ya Hoima, Uganda, yenye bomba la kuyaleta Chongoleani, muwe waangalifu zaidi: yana nta, ndiyo maana bomba lake hupashwa moto. Nta ikiganda kwenye vali ya kutolea presha, hakitoki kitu na geji inaweza kusoma sifuri, kumbe nyuma yake presha ipo. Kwa hiyo legeza bolti za flanji (kiungo cha bomba kinachofungwa kwa bolti) kidogokidogo, ukianza na za upande usioelekea mwili wako, na usizitoe zote mpaka flanji iachie.

Swali: Chuoni tunaambiwa tuvae glavu muda wote. Fundi wangu ananiambia nivue nikiwa karibu na shafti (mhimili unaozunguka). Nimsikilize nani? — *Mwanagenzi, Pongwe*

Jibu: Fundi wako yuko sahihi kuhusu shafti: ikidaka glavu huvuta na mkono. Lakini kuvua glavu si ruhusa ya kugusa kinachozunguka. Zima swichi kuu, weka kufuli lako, ufunguo mfukoni mwako, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia uone kama kweli umeme umekatika. Mkanda usiupandishe kwenye puli kwa vidole huku mwenzio akizungusha. Legeza mota, isogeze, uvishe mkanda, kisha kaza. Matundu ya flanji yalinganishe kwa pini ya chuma, kamwe si kwa kidole. Spana ya kugongwa kwa nyundo ifungwe kamba, anayeishika akae mbali.

Swali: Kidole kikikatika kabisa, kiwekwe kwenye barafu? — *Msomaji, Mwambani*

Jibu: Kisigusane na barafu. Kifungeni kwa shashi safi iliyoloweshwa kidogo kwa maji ya chumvi ya hospitali, mkitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo ndio ukae kwenye maji yenye barafu. Jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi, mkono ukiwa juu. Andikeni saa kilipokatika; kilichopozwa vizuri kinaweza kuunganishwa hata baada ya saa 12, kilichoachwa kwenye joto huharibika mapema zaidi.